Fundi wa Nkwenda Anayenakili Harusi za Marehemu

Ni asubuhi ya siku ya gulio hapa Nkwenda, wilayani Karagwe. Jenereta inanguruma nyuma ya kibanda cha Placidius Kaijage. Ndani, deki mbili za video zimeunganishwa kwa waya: moja ya kuchezesha kanda, nyingine ya kurekodi. Kaijage anapangusa kanda kwa pamba yenye spiriti, polepole, kama anayeosha kidonda cha mtoto.

"Mvua za El Nino zimetumaliza," anasema. "Kanda zimeota ukungu. Ukizicheza hivyo hivyo, unaona chenga tupu."

Kanda hii ameileta Mukabera, mkulima wa Rugu. Ni harusi ya bintiye, Immaculata, aliyeolewa mwaka 1989. Binti na mumewe wamekwishafariki kwa ukimwi, na watoto wao anawalea yeye.

"Mdogo hakumjua mamaye," anasema Mukabera. "Ananiuliza, bibi, mama alikuwa anaongeaje? Nitamwigizaje mimi?"

Kaijage, mwenye miaka 42, alijifunza kazi hii Kampala na kurudi kupitia mpaka wa Murongo na kamera begani. Enzi hizo alialikwa kwenye sherehe. Siku hizi wateja wake wengi ni mabibi na yatima wanaotafuta nakala, na mapato yake karibu yote huishia kwenye petroli.

"Nakala ya kwanza, macho bado yanaonekana," anaeleza. "Nakala ya nakala, uso unakuwa kama umepakwa unga, sauti nayo inazama."

Ya Mukabera ni nakala ya nakala. Kanda mama, ile ya kwanza kurekodiwa, ilivuka mpaka na ndugu wa bwana harusi, haikurudi.

"Mama, deki yangu imechoka. Inaweza kuila kanda," Kaijage anamwonya.

"Jaribu, mwanangu. Hata nyumbani inaoza."

Anabonyeza. Bibi harusi anatokea, amefifia, anacheka. Mukabera anajiziba mdomo kwa kitenge. Padri anauliza. Immaculata anavuta pumzi, anaanza kujibu, mara deki inakwaruza na kioo cha televisheni kinakuwa cheusi.

Kaijage anazima upesi na kufungua kifuniko. Kanda imejisokota ndani na kukatika. Anakinyoosha kipande kilichokunjamana juu ya paja lake, anakiunga, anakicheza tena. Unasikika mvumo tu. Mwishowe anakitoa kwa wembe, anaunga pande zilizobaki, kisha ananakili harusi iliyosalia.

"Hakuna pengine anapoongea?" anauliza Mukabera.

"Hakuna, mama. Mbele ni kwaya na zawadi."

Mukabera anaipokea nakala.

"Basi watamwona anacheka, wasimsikie."

Anaifunga nakala ndani ya kitenge, anatoka bila kuaga.

Kaijage anakipangusa kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda. "Nilimwonya, ndiyo," anasema. "Lakini imekatikia mikononi mwangu."

Anapanga kwenda Kampala kutafuta kichwa kipya cha deki, ingawa fundi aliyekuwa akimuuzia naye amefariki.

"Nikikipata, nitapita parokia kwa parokia kuwaomba watu kanda mama kabla hazijaoza. Nisipokipata, sijui."

Mlangoni amesimama mwanamke mwingine, kanda yake ndani ya mfuko wa plastiki. Kaijage hainyooshei mkono.

"Rudi nayo, dada," anamwambia. "Iweke pakavu. Na tafadhali, usiicheze kwanza."