Minyoo ya Kambale wa Mama

Juzi nilinunua kolekole Magomeni, na muuzaji akaniuliza, "Nikuparie nikutolee na utumbo kabisa, mama?" Siku hizi huo ndio ustaarabu. Nilipomwambia anipe vivyo hivyo alinitazama kwa huruma. Hakujua, na pengine nawe hujui, kwamba nimelelewa na wanawake wawili waliokosana kwa sababu ya kilichomo ndani ya utumbo wa samaki.

Tulikaa Shangani ya huku kusini, kwa bibi mzaa baba, mtu wa Mikindani aliyekula samaki wa bahari tangu hajaota meno. Mama alikuwa mtu wa kando ya mto Ruvuma. Kwao samaki ni kambale, akaushwe kwa moshi, aliwe na ugali wa muhogo. Miaka ile ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, na kaka yake alikuja kwa nadra. Mara moja akamletea kambale wawili ndani ya gunia bichi, nao wakafika hai! Waligaragara uani huku sharubu zikitikisika, paka akapanda ukutani. Mama nilimwona akicheka hadi kushika mbavu, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa la kila siku.

Akawachinja, akawapasua, kisha akafanya nisichowahi kukiona kwa bibi. Aliutandaza utumbo juu ya jani la mgomba, akauchana kwa kisu mwanzo hadi mwisho.

"Kwetu samaki huulizwa kwanza," aliniambia. "Atakwambia alikuwa wapi na alikula nini."

Palikuwa na vipande vya konokono, na kitu cheupe, bapa kama utepe, kikijikunja polepole. Kando yake vilikuwamo vingine vyekundu, vyembamba kama uzi. Nilitaka kujua wanapumuaje mle, na nani aliwapeleka. Mama akasema hao ni wapangaji wa utumbo tu, hutupwa pamoja nao, nyama haina neno.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Yarabi, minyoo! Cha matope ni cha matope tu. Samaki wa maji chumvi hana mdudu. Hao hawaingii chungu changu."

Mjomba aliwarudisha kambale wake guniani, akaaga bila hata kunywa maji. Usiku mama alisema ameshiba, na hakuwa amekula. Niliona uchungu, maana mjomba asingeleta tena, na mama asingethubutu kumwomba.

Lakini swali lilinikaa kichwani. Bibi alikuwa akiuvuta utumbo wa samaki kwa mkono mmoja na kuwarushia paka bila kuutazama. Sasa chumvi ilimwambia lini kwamba haina mdudu?

Alasiri moja alinipa kolekole wa baharini nimsafishe wakati yeye anaswali. Nikakata jani la mgomba, nikatandaza, nikachana. Walikuwemo! Weupe, wamejiviringa kama tambi, mmoja bado anacheza. Nikaita kwa sauti kubwa.

Bibi alikuja na kanga yake ya kusalia. Nilingoja kofi. Aliinama, akachokoa na kijiti, akatazama weee.

"Huyu humu ndani anakula nini?" akauliza.

Mama alikuwa mlangoni. Angeweza kusema mengi. Alisema tu, "Nyama yake haina neno, mama."

Bibi akaangua kicheko. "Kumbe umri wote huu nalisha wageni nisiowakaribisha!" Kolekole tulimla kama kawaida. Bibi alipomaliza kunawa akamgeukia mkwewe. "Kaka yako, lile gunia bado analo?"

Kuanzia hapo mjomba alikuja kila mto ulipopungua maji. Kambale bibi hakumpenda sana, ugali wa muhogo ndiyo kabisa, lakini ole wako uchane utumbo kabla hajafika. Tulichuchumaa watatu, kila mmoja na swali lake, na baba akipita alisema hii sasa nyumba ya kambale, kila mtu ana sharubu.

Wote wametangulia. Migomba ya ua ule imekatwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha.

Kolekole wangu wa juzi nilimtandazia utumbo juu ya sinia. Nilipomwona wa kwanza, mweupe, akijikunja, nilisogea kidogo pembeni, ili mama na bibi nao waone.