Nukta Iliyorudisha Dakika ya Kasyoka

Saa nne kasoro robo asubuhi, Mbololo. Kasyoka Mutunga anainamia laptopu yake iliyopasuka kona, kando ya skrini kubwa iliyosimamishwa chini ya hema. Jeneza la Mama Syombua liko hatua chache tu. Evelyn, binti wa marehemu, anamjia mbio na bahasha ya picha.

"Dada, hizi tatu zimefika sasa hivi kutoka Salaita. Shangazi anasema lazima zionekane."

Kasyoka anazipokea bila kununa, anazipiga kwa simu na kuziingiza kwenye laptopu. Matanga ya huku ndivyo yalivyo: picha hazikomi kuja mpaka jeneza linyanyuliwe.

Lakini Muinde, kakake marehemu, amemtambua. "Si wewe ndiye uliyetuzimia picha kule Bomeni?" anauliza, watu wa viti vya nyuma wakisikia.

"Ni mimi, mjomba. Leo kaa hapo mbele."

Kasyoka, 36, ametengeneza video za arusi na mazishi mjini Voi kwa miaka sita. Kompyuta yake kuukuu haibebi programu kubwa, kwa hiyo alijifunza kuiandikia maagizo mwenyewe: chukua urefu wa wimbo, gawanya kwa idadi ya picha, kila picha ipate muda wake.

Kule Bomeni, mwezi Machi, wimbo ulikuwa wa sekunde 240, picha 80. Sekunde tatu kila moja. Akajaribu, ikakubali. Asubuhi ya mazishi jamaa wakaleta kumi zaidi. Picha zikakimbia, zikaisha, na wimbo ukaendelea dakika nzima mbele ya skrini nyeusi.

"Watu walinong'ona eti marehemu amekataa," anakumbuka. "Mjane akalia upya. Miezi miwili hakuna aliyenipigia simu."

Miezi hiyo aliitumia kupima kwa saa ya mkononi. Kila picha ilikaa sekunde mbili kamili, ilhali ilistahili mbili na theluthi mbili.

"Nilikuwa naipa kompyuta namba nzima mbili igawanye, 240 kwa 90, nayo inanirudishia namba nzima. Kinachobaki inatupa, na haisemi."

Dawa ilikuwa nukta na sifuri. Badala ya 90 aandike 90.0, ndipo mashine ihesabu na vipande.

Leo picha 77 zimekuwa 80, na wimbo wa kwaya aliyoimbia Syombua una sekunde 220. Kasyoka anabonyeza. Sekunde mbili na robo tatu, picha baada ya picha. Za Salaita nazo zinapita. Sauti ya mwisho inapofifia, Syombua bado yuko pale juu, jembe begani, anacheka.

Hema zima linapiga makofi, msibani! Muinde anavua kofia.

"Haya, mwanangu. Nimenyamaza."

Kasyoka anafunga laptopu taratibu. Machi ijayo familia ya Bomeni itafanya ibada ya ukumbusho, na ameshaongea na mjane.

"Naenda na picha zote tisini, na sitaki malipo," anasema. "Ile dakika ni yao."