Ramani Iliyosomwa Kutoka Kulia

Enzi zetu mtu akipotea alipotea kweli. Watoto wa siku hizi wanatazama simu kufika duka ambalo wanalijua tangu wakisukumwa kwenye vigari, na mtandao ukikatika kidogo wanasimama njiani kama kuku walionyeshewa. Sisi tulielekezwa kwa mdomo: nenda mpaka kwa mchinjaji, usivuke, ukisikia harufu ya mikate ujue umeshapita. Tukafika. Ila siku moja Bibi yangu alikwenda mahali, na mpaka leo sijui alifika wapi. Nawasimulia nyinyi wenzangu mliokulia Small Heath, Birmingham, miaka ile, maana wanangu nikiwaambia wanacheka na kuniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

Kabla ya kuhamia Birmingham tulikaa London, mimi na kaka yangu Nassor, Baba, Mama, na Bibi mzaa baba, ambaye Baba alimleta kutoka Unguja babu alipofariki. Bibi hakujua herufi za Kizungu. Msahafu aliusoma kwa sauti tamu, na barua za nyumbani aliziandika kwa Kiswahili chetu lakini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Hata hivyo ramani ya treni za chini ya ardhi za London aliijua kabla ya Mama, kwa sababu ilikuwa ya rangi tu. Mstari mweusi aliuita Buibui. Mwekundu Pilipili, wa kijani Kisamvu, wa kahawia Hina. Alikuwa akituambia, "Leo tunapanda Kisamvu, halafu tunamalizia na Hina," na tukifika alitutazama kwa maringo kama yeye ndiye dereva.

Jina alilozipa treni zenyewe ndilo lililomtia Mama kichaa. Aliziita treni za kuzimu.

"Mama, usiseme hivyo mbele ya watoto," Mama alikuwa akimwambia. "Sema treni za chini ya ardhi."

"Na chini ya ardhi wanakaa nani, mwanangu? Si hao hao?"

Kisha alikuwa akiikunjua ile ramani gotini na kutuonyesha kitu ambacho mimi nisingekiona mwenyewe. Haina barabara, alisema. Haina misikiti, haina nyumba, haina miti. Mto wameuacha kidogo tu, nao wameupiga pasi. Kila kituo kiko mbali sawasawa na mwenzake, kama makaburi ya mahali palipopangwa vizuri. "Walio juu wote wamefutwa," alisema. "Hii wamechorewa watu wa chini." Nassor alicheka mpaka akakohoa. Mimi usiku ule nililala na taa.

Tulipohamia Birmingham Baba alipata kazi kwenye karakana moja Tyseley, tukapanga nyumba moja ya zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, karibu na Coventry Road. Siku ya kwanza Bibi alimwuliza Baba kituo cha kuzimu kiko wapi. Baba akamwambia mji huu hauna, treni zake zote ziko juu. Bibi hakuamini. "Mji mkubwa wote huu," akasema, "basi wafu wao wanasafiri na nini?" Tukacheka sote, hata Mama.

Nassor, ambaye alikuwa amezipenda zile ramani kuliko mpira, akaanza kuuchorea mji wetu kuzimu yake. Alichora kwa chaki kwenye njia ya nyuma ya nyumba, mistari iliyonyooka na pembe zake, na vituo tukavipa majina: Kwa Mchinjaji, Msikitini, Kwa Mama Hodan. Mama Hodan alikuwa jirani yetu Msomali aliyelelewa Kenya, na kituo chake kilipendwa kwa sababu ukikifikia unanusa mahamri yakitoka kwenye mafuta, na ukisimama hapo kwa adabu unapewa moja la moto linalokuunguza ulimi. Kituo cha mwisho, upande wa moshi wa mtambo wa taka, Nassor alikiita Jehanamu Ndogo. Mchezo ulikuwa kuruka kituo hadi kituo kwa mguu mmoja, na ukikanyaga katikati umekufa. Tulicheza mpaka magoti yakawa meusi, mpaka Mama akatoa kichwa dirishani na kuapa kwamba anayetaka chakula aje sasa au akale hiyo chaki.

Bibi alikuwa na rafiki mmoja tu Uingereza nzima, Bi Mwanaidi, waliyesoma naye chuo kimoja Unguja, naye akikaa Stechford kwa mwanawe. Kila Jumapili Baba alimpeleka kwa gari. Halafu zamu za Baba zikahamia mwisho wa wiki na safari zikakatika. Bibi akawa anakaa dirishani na buibui lake amelivaa, kana kwamba gari litakuja. "Mmenileta kuniweka kabatini," alisema siku moja, bila hasira, na Baba akaondoka mezani chakula hakijaisha.

Ndipo Nassor akakata shauri kumchorea ramani yake mwenyewe, ya namna ileile aliyoizoea. Ilikuwa nzuri, nasema kweli. Kushoto nyumba yetu. Kutoka hapo mstari mweusi, ndio basi, mpaka kwenye duara kubwa jeupe, ndipo mjini pa kubadilisha. Halafu mstari mwekundu, ndio treni, ukapita duara dogo la kituo kimoja cha katikati, ukafika nyumba ya pili kulia, kwa Bi Mwanaidi. Maneno hayakuwamo ila jina la Stechford pembeni, la kuwaonyesha watu wa stesheni.

"Bibi, it's easy," Nassor akamwambia. "Fuata rangi tu. Kwenye duara kubwa unachange."

"Kazi hii naijua kabla hujazaliwa, mjukuu wangu," Bibi akasema, akaikunja na kuitia kifuani.

Alitoka baada ya swala ya adhuhuri, siku ya baridi kali, na kikapu cha visheti. Alasiri Bi Mwanaidi akapiga simu nyumbani kuuliza mbona kahawa inapoa na mgeni hatokei. Mama akamwita Baba kazini, Baba akaja na nguo za kazi. Mama Hodan akatoka na viatu vya ndani kuzunguka madukani, akarudi anahema: "Wallahi nimeuliza kila duka, hakuna mtu amemwona. Na hii baridi itamuua mzee wa watu." Giza likaingia mapema kama kawaida ya huku. Baba akapiga simu polisi, na Kiingereza chake chote kikamtoroka, ikabidi Nassor achukue simu amweleze askari bibi yake amevaa nini. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa na hakika kwamba amekanyaga katikati ya vituo.

Kabla ya isha mlango ukafunguliwa, akaingia Bibi. Kwa miguu, peke yake, kikapu kitupu. Mama alimkumbatia akilia, halafu akamwachia na kumshika mikono, akatutazama. Mikono ya Bibi ilikuwa ya moto. Na buibui lake lilinukia udi, na kahawa ya tangawizi.

"Kwani kuna nini?" Bibi akauliza. "Nilikuwa kwa Mwanaidi."

"Mama, Mwanaidi amepiga simu mara tatu. Hukufika kwake," Baba akasema.

"Nimekula naye tende. Mniache nikae, magoti yananiuma."

Baba akaitandaza ile ramani mezani, akamwomba amwonyeshe alivyokwenda. Bibi akaweka kidole kwenye nyumba ya kulia. Pale ndipo tulipofahamu. Mtu aliyejifunza kusoma kwa Kurani jicho lake linaanzia kulia, na nyumba zote mbili Nassor alizichora sawa. Kwa Bibi nyumbani kulikuwa kulia, na mstari mweusi ukawa wa mwisho. Duara dogo likawa mjini, aliposhuka basi. Alionyesha watu jina la Stechford, wakampandisha treni. Duara kubwa, pa kubadilisha, likawa kituo cha kwanza baada ya hapo, ambacho kwa kweli ndicho kile kidogo cha katikati. Akashuka.

"Hapo hakuna pa kubadilisha, Mama," Baba akasema polepole. "Hapo kuna reli moja tu. Ulipanda nini?"

"Nilipanda Buibui. Ilichelewa kidogo, ila ilikuja."

Mwishowe Mama, kwa sauti ndogo, akauliza Bi Mwanaidi yu hali gani.

"Hajambo kabisa," Bibi akasema, akatabasamu. "Meno yake yote yamerudi."

Wakubwa walitafuta maelezo, na maelezo yalikuwepo. Labda mwanamke mwema alimwona mzee anatetemeka kituoni akamwingiza kwake akampa kahawa. Kurudi kwa miguu nako hakukuwa muujiza: Nassor alifungua kitabu cha ramani ya mitaa tukaona kile kituo kilikuwa nyuma yetu tu, mwendo wa mzee. Ramani yake ilinyoosha kila kitu, ikakiweka ng'ambo ya dunia. Baba akaenda kuuliza mitaa ya kule, mlango kwa mlango, amtafute huyo mwanamke amshukuru. Hakumpata.

Jambo lililotutisha zaidi lilikuja baadaye. Mwanawe Bi Mwanaidi alimleta mama yake kwetu, Bibi akampokea vizuri, akamwandalia, akamuuliza habari za nyumbani kwake kama anavyoulizwa mgeni. Kisha akamfuata Mama jikoni na kumnong'oneza, "Huyu mama wa watu ataondoka saa ngapi?" Bi Mwanaidi alisikia. Alilia pale pale sebuleni, shanga za tasbihi mkononi. Nassor akachora ramani mpya, safi, ya kusomwa kutoka kulia kama inavyotakiwa. Bibi aliitazama sana akamrudishia. "Hii inakwenda Stechford tu," akasema.

Akaanza kutoroka. Baba akatia komeo juu ya mlango ambako Bibi hafiki, na Bibi akaacha kula. Alikonda mbele ya macho yetu. Tulikuwa tunampoteza na yumo ndani, na Baba alilijua hilo, kwa sababu jioni moja alikaa chini mbele ya kiti chake kama mtoto akamshika miguu.

"Mama, tukienda kule ukaona hakuna mtu, utatulia?"

"Nikipiga hodi tatu nisiitikiwe, nitarudi. Sitauliza tena."

"Tuapiane?"

"Sina haja ya kiapo. Ndiyo adabu."

Tulikwenda Jumamosi, mchana kweupe, ukungu ukiwa mwingi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Bibi alinishika mkono hakuniachia. Tulishuka sisi watatu tu kwenye kile kituo, treni ikaondoka, pakawa kimya namna ambayo Birmingham haiwi kimya. Bibi alitembea mbele yetu upesi, yeye ambaye ngazi za nyumbani alizipanda kwa kupumzika. Akapinda, akapinda tena, akasimama mbele ya uzio wa waya. Nyuma ya uzio palikuwa na kontena lenye kutu, matairi na madimbwi. Hapakuwa na mlango. Hapakuwa na ukuta wa kutia mlango.

Bibi akatengeneza mtandio wake, akapangusa viatu kwenye nyasi.

"Hodi!"

Ukungu tu. Akangoja, kama mtu anayewapa wenyeji nafasi ya kujisitiri.

"Hodi wenyewe!"

Baba alikuwa ameniweka ubavuni kwake. Nilimsikia anasoma kitu chini kwa chini.

"Hodi, Mwanaidi! Ni mie!"

Alingoja mara hii kwa muda mrefu kuliko zote. Halafu mabega yake yakashuka. "Hawapo," akasema, akageuka, akaanza kurudi tulikotoka, mzee tena, hatua kwa hatua. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kuwa mazito miaka hiyo, ilibidi umsemeshe kwa kumkaribia.

Tulikuwa tumempa mgongo ule uzio niliposikia sauti ya mwanamke, karibu sana, yenye furaha, kama ya mtu aliyekuwa jikoni na mikono imejaa unga.

"Karibuuu!"

Baba alinibana mkono mpaka mifupa ikauma. Nilimtazama. Alikuwa anatazama mbele, na midomo yake ilikuwa imeacha kusoma.

Bibi alisimama. "Umesema kitu?"

"Sijasema kitu, Mama," Baba akajibu. "Twende, baridi."

Bibi alitimiza ahadi. Alianza kula, hakutoroka tena, hakuuliza tena. Aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, akanifundisha kupika visheti na kusuka nywele za wanasesere wangu, akamchekesha Nassor mpaka arusini kwake. Alimzoea hata yule Bi Mwanaidi wa Stechford, wakawa wanakunywa kahawa kama majirani. Mara mojamoja tu, akiwa peke yake na mimi, alikuwa akisema, "Mwanaidi naye! Kuhama bila kuniaga." Nami nilimtia mto mgongoni nikanyamaza, kwa kuwa Baba alinyamaza.

Leo mambo yote ni rahisi. Ramani zinasema zenyewe, zinakuambia geuka hapa, umefika. Wanangu wakienda kwa rafiki zao wanasimama nje na kuandika ujumbe, na mlango unafunguliwa bila mtu kupaza sauti. Ukiwaambia wapige hodi wanaona haya. Nawacheka, nawaita mabubu wa karne, lakini sijawalazimisha hata siku moja. Baba sasa ni mzee, umri wake umeupita ule wa Bibi wa siku zile, anaswali amekaa kitini, na hatujalizungumza jambo hili hata mara moja. Bibi alifariki kitandani kwake, sisi tukiwa tumemzunguka, akiwa bado na kinyongo kwamba alikwenda mpaka mlangoni kwa rafiki yake na hakuitikiwa. Aliitikiwa. Baba alisikia, na mimi nilisikia.