Kila Mtu na Jembe Lake

Nilipofika makamo nilijiona nimeshaona yote. Hakuna binadamu wala serikali ya kunishangaza. Niliishia darasa la pili kwa wamisheni. Nikauza chumvi kwa miguu, Njombe mpaka Makambako, nikapata baiskeli, nikapata duka, nikapata lori. Nani alinisaidia? Hakuna.

Siku zile za Mwingereza, bwana mmoja wa serikali alikuja Makambako kuhimiza chama cha ushirika. Mahindi yote yapitie ghala moja, bei ipangwe na serikali, sisi wafanyabiashara tukae kando. Watu walibishana uwanjani mpaka jua likageuka. Aliyeutetea ushirika kuliko wote ni kaka wa mke wangu, mzee wa kanisa la Kilutheri.

"Mlamu," akaniambia mbele ya umati, "debe unalinunua kwetu shilingi nne, Iringa unauza saba. Hizo tatu zinakwenda wapi?"

"Kwenye matairi! Serikali imewahi kusukuma lori kwenye matope? Leo itawauzia mahindi, kesho itawapimia ugali wa watoto wenu."

Watu walicheka, na kicheko kikanipandisha kichwa. Nikasema, "Mimi sihitaji chama. Kila mtu na jembe lake!"

Mama mmoja nyuma akadakia, "Haya tajiri, tumesikia." Nilidhani ananisifu.

Sasa, huku kwetu mwenye shamba kubwa huwaalika majirani, wakalima kutwa, jioni wakala na kunywa. Ekari zangu sita kule Lyamkena zililimwa hivyo kila mwaka. Mawingu yalipoanza kukusanyika, nikaalika kama kawaida. Mke wangu akapika pombe ya ulezi mapipa mawili, na togwa kwa ajili ya Walutheri. Nikachinja mbuzi.

Kukapambazuka, hakuja mtu. Jua likapanda, hakuna. Ng'ambo ya bonde nikaona majembe yanainuka na kushuka pamoja, na nyimbo zikisikika. Walikuwa kwa mlamu wangu.

Nikavuka. "Kamwene, mlamu. Kuna nini? Mbona kwangu hawakuja?"

Hakuacha kulima. "Hakuna kitu. Ulisema kila mtu na jembe lake. Tumekuheshimu."

"Yale yalikuwa maneno ya mkutano tu!"

"Na sisi tulikuwepo mkutanoni."

Wenzake hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Mvua haimngoji mtu, na shamba lisingelimwa, mwaka mzima tungenunua chakula, mimi niliyezoea kukiuza. Nikaajiri vijana waliokuwa wakisubiri lori la kwenda mashamba ya mkonge. Walilima siku chache, lori likaja, wakapanda, majembe yangu wakayaacha pale pale kwenye matuta. Nikaajiri wengine kwa ujira mkubwa zaidi, maana waliniona nimeshikwa. Pombe ikachacha, tukaimwaga.

"Haya, limelimwa," akasema mke wangu siku mvua ilipoanza. "Na siku tukifiwa, utaajiri na wa kuchimba kaburi?"

Bado nasema serikali haijui biashara, hapo sijarudi nyuma hata hatua moja. Lakini swali lile hunijia nikiwa dukani, nikiwa barabarani, hata kanisani. Na mwaka ule ujira, posho, ulezi na mbuzi, vyote pamoja, vilinigharimu shilingi mia moja sabini na tatu na senti hamsini.