Kicheko cha Bibi

Asubuhi hii, katika kichochoro cha mji huu wa kale nilikokuja kuandika, nilinusa rangi ya mafuta nikasimama. Nikawa mtoto tena, mama amenishika mkono, tunavuka daraja la mpakani kwa miguu kutoka Kamembe kwenda Bukavu kwa mchoraji.

Bibi, mama yake mama, alikuwa amefariki bila kuacha picha hata moja. Mama alitaka achorwe kwa maelezo tu. Mchoraji, mwanamume mnene mwenye vidole vya bluu, alichora, akafuta, akachora tena.

"Huyu ni muntu mwingine, Papa," mama alimwambia mchoraji kwa heshima.

Hakukasirika. Alinigeukia. "Koko yako alikuwa anacheka namna gani?"

Nilikunja pua, nikafumba jicho moja, nikacheka kama bibi. Alinitazama sana, kisha mkono wake ukaanza kwenda bila kusita. Sijaona tena mkono unaojua njia namna ile.

Alipotugeuzia picha, mama alipiga magoti. Akasema polepole, kama alivyozoea kumsalimia kila asubuhi, "Maman, umeamuka?"