Mtihani wa Maadili Nilioufanya Mara Kumi na Moja

Niliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kupita mtihani wa maadili mara kumi na moja.

Soma tena polepole. Sijasema kuanguka. Nimesema kupita.

Naitwa Muasya. Mimi ni fundi wa kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha kibinafsi huku Westlands. Jina la chuo sitaji, bado nakula huko.

Miaka sita nimeishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, kama mpangaji ambaye mwenye nyumba hajaamua kama anampenda. Mwaka huu nikaambiwa barua ya kazi ya kudumu inakuja mwisho wa mwezi. Mke wangu Nzula hakungoja mwisho wa mwezi. Aliwaambia akina mama wa kanisa, wakaimba, wakatoa shukrani mbele ya madhabahu.

Sasa ukikosa kazi ambayo kanisa zima limeshaishukuru, unaanzia wapi kueleza?

Basi chuo kikaleta sera mpya ya maadili. Kurasa tisini na sita. Zawadi, matusi, mapenzi na wanafunzi, mpaka namna ya kusalimiana. Kila mfanyakazi aisome, halafu afanye mtihani wa maswali arobaini kwa kompyuta kabla ya Ijumaa jioni. Asiyefanya, asiulize habari ya mkataba.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Profesa Zachariah, mkuu wa kitivo chetu, mzee wa Loresho, kule kwa wenye pesa.

"Muasya, kijana wangu, kompyuta yangu imekataa."

Nikapanda ngazi mbio. Kompyuta ilikuwa nzima kuliko mimi. Aliyekataa alikuwa Prof.

"Hii sera imeandikwa na mtu asiye na kazi," akasema. "Bonyeza bonyeza hapo umalize. Mimi niko na mkutano."

Mkutano wenyewe ulikuwa yeye na samosa mbili.

Utaniuliza kwa nini sikukataa. Ndugu yangu, huyo ndiye anayetia sahihi barua za kudumu. Ungekuwa wewe ungebonyeza kwa vidole vyote kumi.

Nikapata sabini na moja. Alama ya kupita ni sabini.

Kufika saa nne, Kui, katibu wa kitivo, akaingia kwa ofisi yangu na karatasi.

"Niaje, daktari. Nasikia unatibu kompyuta zilizokataa."

"Yako pia imekataa?"

"Yangu, ya Daktari Wangeci, ya Odhiambo wa maktaba, na hawa wengine saba. Ni kama ugonjwa umeingia."

Paswadi kumi, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu, zimepangwa vizuri. Ukurasa wa pili wa ile sera unasema paswadi haipewi mtu hata kama ni mama yako mzazi.

Nikaanza. Mtihani wa nne nilikuwa naufanya huku nakula chapati. Wa saba sikuwa nasoma maswali, nilikuwa nayasalimia tu.

Mpaka nyumbani nikaanza kuharibika. Nzula akitaka kupita nyuma yangu pale jikoni, namwambia kifungu cha sita, umbali wa heshima.

"Baba Mutheu," akaniambia, "hiyo kazi ya kudumu ikuje haraka, kabla hujakuwa kichaa wa kudumu."

Alhamisi alasiri nikafika mwisho. Daktari Wangeci. Maswali thelathini na tisa, yote sahihi. Swali la arobaini lilisema: eleza kwa ufupi ukiukaji wowote wa maadili uliouona kazini.

Mara kumi nilikuwa nimeandika, "Sijaona."

Hiyo ya kumi na moja, uchovu ukanipa utani. Nikaandika, "Kuna fundi hapa anaitwa Muasya. Huu mtihani anawafanyia watu wote."

Nikacheka peke yangu. Nikatuma. Niliamini hakuna binadamu anayesoma majibu ya swali la arobaini.

Yuko mmoja. Anaitwa Madam Stellah, mkuu wa ofisi ya wafanyakazi.

Barua ikanifikia Jumanne. Ilisema mtu mwadilifu, ambaye jina lake linalindwa, amenitaja. Ilisema pia kamati itaongozwa na mkuu wa kitivo, akisaidiwa na wawili waliopata alama za juu zaidi.

Yaani Profesa Zachariah, Daktari Wangeci na Odhiambo.

Siku ya kikao, Kui alinikuta mlangoni. "Ukianguka, anguka peke yako," akaninong'oneza. "Mimi sijui karatasi yoyote."

Nikaketi. Madam Stellah akasoma shtaka taratibu, neno kwa neno. Odhiambo akakohoa. Prof akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nani huyo mwongo amesema hivyo?" akauliza Daktari Wangeci.

Madam Stellah akamtazama kwa huruma. "Daktari, mtoa taarifa analindwa. Usiwe na hofu."

"Mimi niwe na hofu ya nini?"

"Ndiyo hiyo nasema."

Nikaangalia viatu vyangu. Ningemwangalia mtu yeyote ningecheka, na kucheka hapo ni kifungu cha kumi na tano.

"Mimi naona kijana aonywe tu," akasema Prof. "Kisha twende chakula."

"Sawa, Mwenyekiti," akasema Madam Stellah. "Kwanza utusomee haki za mshtakiwa. Kile kifungu."

"Kile?"

"Kile."

Prof akatazama dari. "Ni kifungu kizuri sana."

"Kinasemaje?"

"Odhiambo atatueleza."

"Aliyepata mia kwa mia ni Daktari," Odhiambo akasema, akisukuma faili upande wa Wangeci kama mtu anayesukuma sahani ya githeri iliyolala.

Daktari akasema kifungu hicho kinahitaji kuangaliwa kwa mapana yake.

Nilitaka kunyamaza, naapa. Lakini ukikariri kitu mara kumi na moja, kinatoka chenyewe.

"Kifungu cha ishirini na mbili," nikasema. "Mshtakiwa atasikizwa na watu wasio na maslahi katika kesi yake. Mwenye maslahi atajiondoa mara moja."

Prof ndiye alisimama kwanza. Alikumbuka kuna mtu anamngoja Kitisuru. Odhiambo akatoka akipokea simu ambayo haikuwa imelia. Daktari Wangeci aliondoka na nakala ya sera mkononi. Nadhani alienda kuianza.

Tukabaki wawili.

"Tuchukue wanaofuata kwa alama," Madam Stellah akasema, akisoma orodha. Kila jina alilotaja, niliinamisha kichwa. La tano, akaweka kalamu chini.

"Wote?"

"Wote, Madam."

"Na mimi niko kwa hiyo orodha yako?"

"Wewe hukuleta paswadi."

Akacheka mpaka akatafuta kitambaa. Nami nikacheka, nikijua nimepona. Kisha akavuta kompyuta yake karibu, akakunja uso.

"Muasya. Na mtihani wako uliufanya lini?"

Nikatafuta kichwani. Wa Prof, ndiyo. Wa Kui, ndiyo. Wa Odhiambo, na chapati kabisa. Wangu?

Jamani.

"Kitivo kizima," akasema, "mtu pekee ambaye hajafanya mtihani ni wewe."

Barua ya kudumu ikafia hapo. Nikapewa mwaka mmoja tena, na onyo juu yake. Nzula aliwaambia akina mama kwamba Mungu wakati mwingine hujibu kwa awamu.

Jumamosi tukaingizwa ukumbini sote kumi na wawili kurudia mtihani, kwa karatasi, simu zote ndani ya beseni. Prof aliketi nyuma yangu. Hatukumaliza dakika kumi nikahisi kalamu ikinidunga mgongoni.

"We Muasya. Namba tisa umeweka gani?"

Barua za kudumu za mwaka ujao bado zitapita mezani kwake. Nililijua hilo, na mgongo wangu ulilijua pia.

Nikafunika karatasi yangu kwa kiwiko.

Prof alipata thelathini na moja. Mimi nilipata mia, na hii ni yangu mwenyewe, ina jina langu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mimi niliyelipia hilo somo nawaambia ajigange kwanza, wagonjwa wapange laini.