Giaboksi Mbili za Mwalimu Kalisto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Bruda Msimamizi wa karakana ya misheni alinipa karai la mafuta ya taa, brashi, na gia kumi na moja zilizotolewa kwenye giaboksi ya lori. Akaniambia nizioshe, kisha nimwonyeshe meno yaliyochoka. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza darasa la saba na masomo ya ukatekista. Niliosha hadi jioni. Nilipomwonyesha meno yaliyovunjika alitikisa kichwa.

"Yaliyovunjika hata mimi nayaona," alisema. "Nionyeshe yatakayovunjika mwakani."

Nimeombwa na vijana wa gereji mjini Sumbawanga niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi hii. Nimekubali, ingawa mkono unachoka mapema siku hizi na macho yanataka mwanga wa mchana. Namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa chini ya magari. Mgongo ndio umebeba sehemu kubwa ya miaka hiyo.

Karakana ya misheni ilihudumia magari yaliyoshuka bondeni. Kila juma landrova na lori zilitoka huku juu kwenye baridi, zikateremka ukingo wa bonde la Rukwa hadi Mtowisa na saruji, dawa na masista, kisha zikapanda tena na mpunga. Bruda alikuwa na swali moja kwa kila fundi aliyetaka kubadilisha injini au giaboksi.

"Usiniambie gari litapandaje," alisema. "Likishindwa kupanda linasimama, watu wanashuka, wanasali, wanarudi nyumbani. Niambie litashukaje."

Maana yake ni hii. Gari lenye gia za mkono, ukiliweka gia ya kwanza au ya pili na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini yenyewe inalizuia. Breki zinapumzika. Gari lisilozuiwa na injini linategemea breki peke yake, na breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu hukanyagi tena kitu. Nimewahi kushuka kwa miguu kutazama mabaki ya gari la namna hiyo. Sitayaandika hapa. Nilirudi nikiwa nimelishika lile swali la Bruda karibu kama ninavyoishika Sala ya Bwana.

Baada ya miaka tisa nilihamia yadi ya magari ya Serikali, chini ya Fundi Mkuu wa Mkoa. Huyu alikuwa mtu wa mizaha. Aliponikuta nimefanya ishara ya msalaba kabla ya kuwasha injini tuliyoifumua, aliwaita wenzake wote.

"Njoni muone, Katekista anaibariki injini. Umekaza nati za hedi?"

"Nimekaza, mkuu."

"Zote?"

Nikarudi na spana. Mbili za hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, zilikuwa hazijakazwa. Tangu siku ile nilikaza kwanza, nikasali baadaye, naye hakuacha kuniita Baba Paroko hadi alipostaafu.

Kutoka yadi ya Serikali nilikwenda kwenye malori ya mahindi, chini ya Msimamizi wa Uchukuzi. Huyo hakutaka maelezo yoyote, alitaka kujua lori litatoka saa ngapi. Hapo ndipo nilipojifunza kuamua haraka. Ni ujuzi mzuri, lakini mtu akishauzoea huanza kujibu kabla hajaulizwa. Mwishowe nilifungua gereji yangu nyuma ya soko pamoja na Fundi Shabani, mwenzangu wa tangu kwenye malori. Yeye alisali Ijumaa, mimi Jumapili, na gereji haikukosa mtu.

Gari ninalotaka kulieleza lilikuja kwetu likivutwa na trekta.

Lilikuwa gari la Kimarekani la milango miwili, refu, pua yake peke yake ilikuwa ndefu kama kitanda. Lilikuwa na injini ya silinda nane na usukani upande wa kushoto. Marehemu mzee mmoja wa hapa, aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba kule Zambia, alirudi nalo kwa kupitia Tunduma alipostaafu. Mwanawe, Mwalimu Kalisto, ndiye aliyelirithi. Watu walidhani analiendesha kwa kujionyesha. Walimu wenzake walikaa upande wa kulia, ambako kwa magari yetu ndiko anakokaa dereva, wakawapungia wapita njia huku mikono yao ikiwa mitupu. Wanafunzi walilipenda gari lile kuliko somo lolote.

Lakini Kalisto hakulitumia kwa fahari. Miaka michache kabla alikuwa ameanguka na bodaboda, nyonga ya kushoto ikavunjika, akawekewa chuma. Hakuweza tena kukaa juu ya pikipiki, na shule yake ilikuwa mbali na mji, kwenye barabara isiyopata basi la asubuhi. Bila gari lile angeacha kufundisha shule ile, na aliipenda. Mara moja kwa mwezi alishuka Mtowisa kumwona mama yake.

Injini ilikuwa imekufa, pistoni zimekwaruza silinda. Giaboksi ilikuwa imekufa pia, mafuta yake meusi yananuka kuungua. Ilikuwa giaboksi ya otomatiki, yaani inayobadilisha gia yenyewe, gari halina klachi ya kukanyaga.

Kwenye injini tulifanya kazi nzuri, na nitaieleza kwa sababu vijana wengi hukosea hapo. Kuitengeneza ile ya silinda nane kulikuwa hakuna maana. Vipuri havipo, na huku juu kwetu hewa ni nyepesi. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa inaimwagia injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, gari likatoa moshi mweusi na nguvu ikabaki jina tu. Shabani alitaka injini ya dizeli ya lori dogo.

"Dizeli haifi," alisema.

"Haifi, lakini ni nzito. Pua itainama, na mtikisiko wake utafungua milango hiyo miwili yote."

"Basi tufunge kamba."

Tukachagua injini ya petroli ya silinda sita za mstari mmoja, ya pikapu za Kijapani, inayopatikana Mbeya pamoja na vipuri vyake. Uzito wake uliwiana na springi za mbele. Inapuliziwa petroli kwa kipimo, si kwa kabureta, kwa hiyo baridi ya asubuhi na wepesi wa hewa haviisumbui sana. Kwa mtu wa kwenda kazini kila siku, injini bora ni ile ambayo fundi wa barabarani anaijua. Nguvu inafuata baadaye.

Ilipofika zamu ya giaboksi, Mwalimu Kalisto alikuwepo, amesimama kwa kuegemea mlango.

"Mzee, hii ya zamani ilikuwa haina klachi," alianza. "Kwa hiyo mimi..."

"Otomatiki kwenye mteremko wa bondeni?" nikamkatiza. "Utafika chini breki zinanuka. Nitakufungia gia tano za mkono. Ukishuka kwa mama yako utanikumbuka."

"Sawa, mzee. Wewe ndiye unayejua."

Nilimfundisha huyu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Alikuwa mtu mzima, mwalimu, baba wa watoto, lakini mbele yangu alibaki mtoto wa benchi la mbele. Nilimwona anachechemea alipoondoka. Nilifikiri kuchechemea ni shida ya kutembea, na gari ni dawa ya kutembea. Sikufika mbali zaidi ya hapo.

Kazi ilikuwa safi. Tulikata propela shafti, ile nondo nene inayopeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu ya nyuma, tukaiunga na kuisawazisha. Tukatengeneza vishikizo vipya vya injini. Gari liliwaka mara ya kwanza. Mwalimu Kalisto alishukuru kwa mikono miwili, akaondoka taratibu sana. Nilidhani anaogopa gari jipya.

Ilipita kama miezi minne. Siku moja mchana mke wake alikuja gereji. Ni muuguzi, tunamwita Mama Anita. Alikuja na sare ya kazi, akakataa kiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Gari linasumbua?"

"Gari halisumbui. Baba, nikuambie jambo ambalo mwenyewe hatakuambia?"

"Niambie."

"Mguu wa kushoto hauna nguvu ya kukanyaga klachi. Anashika suruali hapa," akaonyesha juu ya goti lake, "anauinua mguu kwa mkono wa kushoto, anaukandamiza chini. Mkono wa kulia unabadilisha gia."

Nilisubiri, kwa sababu hesabu haikukamilika. "Na usukani anaushika nani?"

"Hakuna," alisema. "Anauachia kidogo, halafu anaurudia. Juzi aliingia mtaroni. Alikuwa na walimu wawili ndani. Sasa amechukua fomu ya kuomba uhamisho, anasema arudi mjini, hata darasa la watoto wa awali atafundisha. Jioni namkanda nyonga kwa maji ya moto na anasema ni baridi ya huku Ufipa."

Shabani alikuwa chini ya gari lingine. Niliona miguu yake imetulia, spana haigongi tena.

Kesho yake niliondoka mapema, nikamsubiri Mwalimu Kalisto nje ya kanisa baada ya misa ya asubuhi. Wakati wa misa nilikuwa nimekaa nyuma, nikamtazama. Wengine walipopiga magoti yeye alibaki ameketi, mkono juu ya paja. Nilikuwa nasali naye kanisa moja miaka yote hiyo.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nilianza kukuambia, mzee. Ukaongea."

"Ungerudia."

Alitabasamu, akatazama chini. "Mzee, kwenye mafundisho wewe ulikuwa unatuchapa kwa kurudia neno."

Nilimwomba msamaha pale pale, watu wakipita. Alishtuka kuliko mimi, akataka kunizuia, akasema hakuna kosa. Lilikuwepo. Mteremko wa bondeni aliushuka mara moja kwa mwezi. Klachi aliikanyaga kila siku, asubuhi na jioni, kila kona na kila ng'ombe barabarani. Mimi nilimchagulia giaboksi kwa ajili ya safari moja niliyoiogopa mimi, na mguu wake ukaifanya kazi ya safari nyingine zote. Nilimwomba fomu ile ya uhamisho asiipeleke kwanza, anipe mwezi mmoja.

Ilikuwa miwili. Injini ileile huko kwao Japani hufungwa pia giaboksi ya otomatiki, na tuliipata Mbeya, imetumika lakini mafuta yake bado mekundu. Mekundu ni mazima, meusi ni maiti.

"Baba," Shabani alisema tulipolala chini ya gari, "leo tunatoa kile kitu ulichokisifia kuanzia Pasaka."

"Toa."

"Natoa. Nataka tu isikike vizuri kwamba leo umenyamaza."

Sehemu ngumu ilikuwa joto. Giaboksi ya otomatiki haina klachi, ina chungu cha mafuta kinachozunguka na kupeleka nguvu, na mafuta hayo hupata moto sana, hasa bondeni. Tukaweka rejeta ndogo ya pili mbele ya rejeta ya maji, kwa ajili ya kupoza mafuta ya giaboksi peke yake. Kwa mteremko tulihakikisha rungu la gia linaweza kufungwa kwenye gia ya pili na ya kwanza, lisipande lenyewe. Haizuii gari kama gia za mkono, lakini inazuia. Breki za mbele tukabadilisha kuwa za diski. Jioni nilikuwa nasaidiwa kuinuka kutoka chini, Shabani ananivuta kwa mikono miwili kama mtu anayetoa gunia kisimani.

Safari ya kwanza ya Mtowisa nilikaa upande wa kulia, mikono mitupu. Juu ya mteremko nilimwambia asimame. Akafunga gia ya kwanza. Tukashuka polepole kiasi kwamba wachungaji wa Kisukuma na ng'ombe wao walitupita kwenye kona moja, mmoja akauliza kama gari limekufa. Tulisimama mara mbili, nikashuka na kuweka kiganja karibu na magurudumu. Yalikuwa ya moto, lakini hayakunuka. Mwalimu alishika usukani kwa mikono yote miwili njia nzima. Mguu wa kushoto ulikaa kando umenyooka, hauna kazi.

Bado anafundisha shule ileile. Fomu ya uhamisho sijui aliiweka wapi.

Gari lile lilikuwa kazi yangu ya mwisho. Baada yake mgongo haukukubali tena, na Shabani aliwaachia wanawe gereji mwaka huohuo. Vijana huja nyumbani kuniuliza injini gani inafaa gari gani. Nawaambia ninayoyajua: uzito, vipuri, hewa, mteremko. Lakini kwanza nawaambia wamwombe mwenye gari aketi kwenye kiti cha dereva, wamtazame anavyoingia na anavyotoka, na akianza kusema neno wamwache alimalize, hata kama ni kijana, hata kama wamemfundisha wao.

Nasali sala zangu za jioni nikiwa nimeketi siku hizi, kwa sababu magoti nayo yamestaafu. Nawataja Bruda, Fundi Mkuu, na wote walionifundisha. Kisha nashukuru kwamba Mungu aliniachia nguvu ya kulala chini ya gari lile mara ya pili.